Laini 23

Kwenye daftari la dukani kwangu kuna ukurasa una namba 23 za simu, kila moja na tarehe ya bando kuisha. Hizo ndizo pikipiki zangu. Mimi mwenyewe sina hata baiskeli. Ni bodaboda za watu wa Tandika na Buza, hapa Dar, nilizozifunga kifaa cha GPS chenye laini ya simu, kinachomwonyesha mwenyewe chombo chake kilipo.

Kufunga si kazi. Unafungua siti, unatafuta waya wa chanya, wa hasi na wa swichi, unaweka rilei ili mwenye chombo akitaka kukizima akizime akiwa kwake. Kifaa nanunua Kariakoo 45,000, namfungia mteja kwa 80,000. Miezi miwili ya mwanzo nilijiona nimetoboa.

Halafu Jumapili moja akanipigia mama mwenye bodaboda nne za mkataba. "Mwanangu, ramani inasema pikipiki zangu zimesimama tangu Ijumaa. Mbona jana vijana wameniletea hesabu?"

Bando zilikuwa zimeisha, zote siku moja, kwa sababu nilizinunua siku moja. Satelaiti za GPS hazidai mtu senti, ila kupeleka taarifa kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayolisha ramani, ni data. Na data yenyewe kiduchu, mwezi mzima pikipiki haimalizi MB 30. Lakini bando nyingi tunazouziwa ni za binadamu anayeangalia video: zinaisha kwa tarehe, hata kama hujazigusa. Laini nayo inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na alama ya kidole. Pikipiki haina kidole, kwa hiyo kila mteja anasajili yake ndipo ananiletea.

Tangu hapo natoza 5,000 kwa mwezi. Nikitoa bando na seva nabaki na kama 3,000. Zidisha mara 23, ni 69,000, zaidi ya nusu ya kodi ya fremu, hata mwezi ambao sijafunga kifaa kipya.

Wengine waliliona hili zamani. M-KOPA wa Kenya walianza mwaka 2012 kukopesha sola yenye laini ndani: ukilipa kidogo kidogo kwa M-PESA taa zinawaka, ukisita zinazima. Hapa Dar, KopaGas walifunga mita kwenye mtungi, mtu analipia gesi anayopikia tu. Teknolojia yao ikanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 kwa dola milioni 25. Paneli na mitungi ilikuwepo madukani siku zote. Walichobuni ni namna ya kukusanya hela ndogo kwa mtu yuleyule kila siku bila kumtumia mtu wa kugonga mlango.

Ndiyo maana takwimu za Intaneti ya Vitu, yaani vifaa kama hivi vinavyotuma taarifa vyenyewe mtandaoni, hazinikoshi. Mwaka 2011 Cisco, kampuni ya Marekani ya mitambo ya mtandao, walitabiri vifaa bilioni 50 ifikapo 2020. IoT Analytics, kampuni ya utafiti, walipohesabu mwishoni mwa 2023 walikuta bilioni 16.6. Bado ni vingi mno, sikatai, lakini kijana aliyekopa kwa kuamini ile 50 angekuwa amefilisika mapema.

Sasa hivi najaribu friza. Jirani yangu ana bucha, na umeme ukikatika usiku anajua asubuhi, kwa harufu. Nimemwekea ESP32, kikompyuta kidogo cha bei nafuu, pamoja na kihisi joto na laini. Joto likipanda anapata meseji. Nilipomtajia 5,000 ya kila mwezi akaniangalia kama tapeli.

"Fundi, si nikinunue tu hiki kifaa, niachane nawe?"

Nikamwambia akitumie mwezi mmoja bure. Umeme umekatika mara mbili. Mara ya kwanza simu yake ilikuwa imezima chaji. Ya pili, saa tisa usiku, alikuja na kandambili na jenereta ya kuazima, nyama ikapona yote.

Mwezi unaisha Ijumaa. Jana kanipa nusu kilo ya maini, ila kuhusu ile 5,000 bado hajasema kitu.