Gauni la mama: utepe wa shanga, wiki ya nne

Sendoff ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni mwezi ujao, na mama amekataa katakata gauni la kukodi. "Nina binti mwenye cherehani, nikakodi nguo ya nini?" Basi, nikapewa kazi. Gauni lenyewe halikunisumbua: kaftani ya krepu ya zambarau, shingo ya duara, mpasuo wa sentimita 22 kifuani, mikono mipana. Nililikata Ijumaa, Jumapili jioni lilikuwa limeshonwa na kupigwa oveloki. Kilichobaki ni urembo tu. Huo urembo tu ndio umekula wiki nne.

Utepe nilinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, yadi mbili. Una upana wa sentimita 3, ni neti iliyodariziwa shanga za dhahabu: kila ukingo una mistari miwili ya shanga ndogo, na katikati yamepangwa maua kwa zile shanga ndefu kama vijiti. Hesabu niliifanya nimesimama dukani, futi imening'inia shingoni: shingo 52, mpasuo 22 mara mbili, mikono 26 kila mmoja. Jumla 148. Yadi mbili ni sentimita 183. Nikaondoka pale najiona mjanja, nina akiba ya 35, nikaanza hata kufikiria kipochi cha kuendana na gauni.

Nilianza na mkono kwa kuwa ndio mfupi. Nikapima 28, yaani 26 na kidogo cha kukunja mwishoni, nikatia mkasi. Shanga zikaanza kumwagika sakafuni, mimi bado nimeshika mkasi nazitazama. Baadaye nilipogeuza utepe upande wa nyuma ndipo nikaelewa: umedariziwa kwa mshono wa mnyororo, uzi mmoja unaojishika wenyewe kitanzi kwa kitanzi. Ukiukata, upande mmoja unatulia na mwingine unafumuka kama sweta kuukuu. Kipande kirefu kilitulia, ashukuriwe Mungu. Kilichofumuka ni kile cha mkono, na mimi badala ya kukibana kwa vidole nikauvuta ule uzi nikidhani naukaza. Sentimita 24 zikabaki neti tupu.

Bibi harusi mtarajiwa akapiga magoti na tochi ya simu, mimi na kitambaa chenye unyevu, tukaokota mpaka chini ya friji. Zilijaa kisahani cha kahawa.

Tangu siku hiyo sikati kabla ya kufunga. Naweka alama ya chaki, nashona kwa mkono mara mbili kila upande wa alama, uzi ukipita ndani ya neti na kuzunguka ule mnyororo, natia tone la gundi ya nguo kwa nyuma, naiacha ilale ikauke, ndipo mkasi upite katikati. Nilijaribu njia ya mkato ya kupitisha cherehani. Sindano ikavunjika kwenye ushanga wa tatu na kipande kikanipita karibu na jicho. Cherehani na shanga za kioo havikai nyumba moja, labda upite pembeni kabisa kwenye ukingo wa neti, kwa mguu ule mwembamba wa kushonea zipu.

Shingo nayo ikanifundisha hesabu. Utepe ni mnyoofu, shingo ni duara. Nilikuwa nimepima ule ukingo wa ndani, unaogusa shingo, 52. Lakini utepe una sentimita 3, kwa hiyo ukingo wake wa nje unazunguka duara kubwa zaidi, na tofauti ya maduara hayo mawili ni 3 mara 2 mara 3.14, karibu 19. Haijalishi shingo ni ya mtoto au ya mama yangu, tofauti ni ileile. Nilihitaji 71. Ukijumlisha mpasuo na kukunja ncha, kipande cha shingo kikala 118. Nikitoa na mkono wa pili, ile akiba ya 35 imebaki 9. Kipochi kimekufa.

Jinsi ya kuulaza: nilipiga bandi, yaani mshono mrefu wa muda, ukingo wa nje kwanza, mzunguko mzima, nikauacha ule wa ndani ulegee. Kisha nikapitisha uzi kwenye neti ya ukingo wa ndani na kuuvuta polepole, vile vikunjo vidogo nikivisukuma viingie kati ya ua na ua ambako hakuna shanga. Ukianza na ukingo wa ndani, wa nje utakakamaa na kusimama kama sahani.

Nikashona, nikatundika, nikalala kwa furaha. Asubuhi shingo ilikuwa imeshuka sentimita 2 mbele na kufanya mawimbi. Mama alijaribu kulivaa, akajitazama kwenye kioo bila kusema kitu, kisha: "Mwanangu, hili gauni linanivuta. Kama nimebeba kitu." Alikuwa amebeba kweli. Nilifumua utepe wote nikauweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 140. Uzito huo wote nilikuwa nimeutundika kwenye krepu moja iliyokatwa duara, na duara lazima lipite kwenye mshazari wa kitambaa, pale panapovutika zaidi. Fundi wa jirani nilipomwonyesha alicheka kwanza, ndipo akauliza, "Sasa ulitaka krepu ibebe?"

Kwa hiyo nyuma tena. Nimepiga mstari wa cherehani nusu sentimita kutoka ukingoni ili shingo isiendelee kutanuka, nikabandika kwa pasi kipande cha gamstafu, kile kitambaa chenye gundi cha kukazia nguo, cha upana wa sentimita 5 upande wa ndani, mpaka mwisho wa mpasuo, juu yake bitana. Pasi yote ilimalizika hapo, kabla utepe haujarudi. Sindano safari hii inashika krepu na gamstafu kwa pamoja, mshono mfupi kila baada ya nusu sentimita kwenye kingo zote mbili, na mwingine uliojificha chini ya kila ua. Hiyo ya chini ya ua nilikuwa nimeidharau mwanzoni, kumbe bila hiyo katikati ya utepe panaachana na nguo kila mama akiinama. Nimelitundika siku mbili. Shingo haijasogea hata kidogo.

Sasa ile neti tupu. Sentimita 24 za ule mkono wa kwanza, kisahani cha shanga, na mimi. Shanga hizi ndogo zinaingia kama 7 katika sentimita moja, na mistari ya ukingo ni minne, kwa hiyo karibu 670 kabla sijagusa maua. Sindano ya kawaida haipiti kwenye tundu, nilitafuta ile nyembamba ya shanga, ambayo inapinda ukiitazama tu. Uzi ni wa poliesta, nauvuta kwenye mshumaa ili usijisokote. Naokota shanga mbili, nazilaza, nazamisha sindano, naibuka nyuma ya ule wa pili, napita tena ndani yake ndipo naendelea. Kila sentimita 3 napiga fundo. Ukikatika siku ya siku, zitaanguka chache, si mnyororo mzima.

Zile ndefu zina ukali mdomoni. Mbili zilikata uzi usiku uleule niliozishona. Sasa naweka ushanga mdogo kila ncha, uzi upinde juu ya huo badala ya kwenye makali. Waliotengeneza utepe hawakufanya hivyo, na ninatazama yale maua ya shingoni kwa wasiwasi.

Naenda kwa kasi ya sentimita 3 kwa jioni, umeme ukiwepo.

Katikati ya safari shanga ndogo ziliisha. Nyingine nadhani ziliingia kwenye ufagio. Nilipeleka sampuli Mwenge kwa mama mmoja wa Kimasai anayetungia pale pale anapouzia. "Yeyo," yaani mama kwa Kimasai, "nina hii, unayo?" Akaitia kati ya meno, akaigonga, akaitema kiganjani. Kioo, akasema. Plastiki hailii hivyo. Kisha akaisugua kwa kitambaa cheupe alichokilowesha, na dhahabu ikabaki kwenye kitambaa. Akanitazama kwa huruma. Rangi imepakwa tu juu, si ya ndani ya kioo, na itaondoka kwa kufuliwa.

Yeye hana dhahabu kabisa. Shanga zake, kama nyingi wanazotungia Wamasai siku hizi, ni za kioo cha Jamhuri ya Cheki, rangi imeingia mpaka ndani, na zinalingana ukubwa kiasi kwamba mstari unanyooka wenyewe. Nilichagua rangi ya asali. Nyumbani nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni pamoja na pamba. Asubuhi pamba ilikuwa nyeupe vilevile.

Ndani ya nyumba huoni tofauti. Juani unaiona: mkono mmoja dhahabu, mwingine nusu dhahabu nusu asali. Ningeweza kufumua ile akiba ya 9 nipate shanga za asili, lakini hiyo nimeiweka kwa ajili ya matengenezo, maana ule ukali wa shanga ndefu utadai chake mapema au baadaye.

Jana nilimpelekea mama kipande akione mlangoni, kwenye mwanga. Akakishika karibu, akakiweka mbali, akakirudisha.

"Hiki weka mkono wa kushoto," akasema. "Wa kulia nitakuwa nasalimia watu."

Zimebaki sentimita 7.