Mmekosa Kuni Huko?

"Mwanangu, mmekosa kuni huko?"

Shangazi aliuliza kwa huruma kabisa, wala hakuwa anatania. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewaeleza, hapa barazani Mikindani, kwamba huko Florida ninakofanya kazi nimewahi kula samaki mbichi, tena kwa pesa yangu, na nikipata nafasi nitamla tena. Watoto walicheka mpaka wakaanguka mkekani. Mjomba hakucheka. Yeye ni mvuvi, na swali lake lilikuwa moja tu: samaki gani?

Nitaanza na mahali penyewe, maana penyewe pana vituko vyake. Karibu na mji wa Orlando, kampuni ya Disney, wale wa filamu za katuni, ina bustani nne kubwa za burudani. Moja inaitwa EPCOT, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Sehemu yake ya nyuma ifikirie kama Nanenane ya Ngongo pale Lindi, ila mabanda yake ni ya nchi na katikati kuna ziwa la kuchimba. Nchi ziko 11, kuanzia Mexico mpaka Kanada, na kila moja ina majengo ya kwake, duka lake na jiko lake. Ukilizunguka ziwa lote umetembea karibu kilomita mbili. Kiingilio siku nyingi kinapita dola 100, na mtu wa kazi ya kutunza wazee kama mimi haendi pale kila akijisikia. Nilikwenda na jirani yangu, dada mmoja wa Kipakistani, baada ya kuweka akiba kwa muda.

Sasa njaa. Sisi wote wawili ni Waislamu, na hapo ndipo habari ya sushi, vile vipande vya wali na samaki vya Wajapani, mara nyingi mbichi, inapoanzia. Watu wa nyumbani wanadhani mtu akila vya Wajapani kajitia uzungu, au anatafuta picha ya kurusha mtandaoni. Mwenzenu nilikuwa natafuta halali. Kuku sijui kachinjwa na nani, soseji ni za nguruwe, baga sina uhakika nazo. Ukizunguka ziwa lile na tumbo tupu utajikuta unasoma mabango ya vyakula kwa makini kuliko ulivyowahi kusoma barua ya benki. Nilichobaki nacho ni kilekile nilicholelewa nacho: samaki na wali.

Banda la China tulilipita. Pana nakala ya Hekalu la Mbinguni la Beijing, nzuri kweli, na kuku wa mchuzi wa machungwa ambaye harufu yake inamvuta hata aliyeshiba. Huyo kuku mwenyewe ni pishi la Wachina wa Marekani zaidi kuliko la China, lakini wateja hawakuwa na habari na hilo, walikuwa wanakula tu.

Baada ya China, kabla hujafika Ujerumani, kuna kituo kidogo chenye ngoma na vinyago na kibanda cha vinywaji. Hiyo ndiyo Afrika yetu. Mipango ya mwanzo ilikuwa na banda zima la Afrika ya Ikweta, halikujengwa, pakabaki hapo pa kununulia soda. Morocco walipata la kwao mwaka 1984, nalo zuri, lakini kusini ya Sahara ni kibanda. Mashariki ya Afrika tumepelekwa kwenye bustani yao ya wanyama, Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambako wamejenga kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, na mabango ya Kiswahili ukutani. Sikununa. Ila nilijiuliza ingekuwaje kama ningekuta pale EPCOT mama mmoja anauza pweza wa nazi na ugali wa muhogo, na Wamarekani wamepanga foleni. Nadhani wangepanga.

Japani utaiona kwa lango jekundu lililosimama ukingoni mwa ziwa, limeigwa kutoka hekalu la Itsukushima huko Japani, na mnara wa ghorofa tano ulioigwa kutoka hekalu la Horyu-ji, Nara. Duka na migahawa vinaendeshwa na Mitsukoshi, kampuni iliyoanza mwaka 1673 kwa kuuza nguo za kimono. Wahudumu wengi wametoka Japani kwenyewe, na beji zao zimeandikwa jina na mji wa nyumbani. Kuna bwawa lenye samaki wa rangirangi, wanene, wamejaa, na hakuna hata mmoja anayewatupia ndoana. Mtu wa Mikindani anaweza kusimama pale nusu saa akihesabu hasara.

Tulikula kwenye mgahawa wa kaunta unaoitwa Katsura Grill, juu kidogo, penye bustani. Unaagiza mwenyewe, unabeba sinia lako, hakuna kumwachia mhudumu bakshishi ya asilimia 18 au 20 kama kwenye migahawa ya kukaliwa. Maji ya barafu unapewa bure ukiomba. Anayenunua chupa ni kwa kupenda kwake. Nilimweleza binti wa kaunta tusivyokula, akaenda kuita mtu wa jikoni. Yule bwana alitujibu kwa subira: supu ya tambi iacheni, michuzi mingi mitamu ina mirin, mvinyo wa mchele, iacheni nayo, sushi hii na hii kuleni. Ukiwa na masharti ya chakula, uliza pale bila kuona haya. Wamezoea.

Basi sushi yenyewe. Wali wake ni wa mchele mfupi unaoshikana, umekolezwa siki ya mchele, sukari na chumvi kidogo, na unaliwa umepoa. Hapo ndipo ulimi wangu uliposhtuka. Samaki hakunishtua hata kidogo. Wali wa baridi wenye uchachu kwetu ni wa kumwagia kuku, na mimi nautafuna na kuulipia! Lakini ukimeza cha kwanza, cha pili kinakuja chenyewe, kwa sababu ule uchachu unafanya kazi ya ndimu tunayokamulia samaki. Jodari mbichi hana shombo kama amehifadhiwa vizuri. Ni laini, anakaribia kuwa nyama, na ladha yake ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Soya sosi ndiyo inayompa chumvi. Tangawizi iliyolowekwa kwenye siki unaila katikati ya kipande na kipande, kusafisha kinywa. Ile ya kijani wanayoiita wasabi mara nyingi si wasabi, ni mzizi mwingine wa jamii ya haradali uliotiwa rangi, maana wenyewe ni ghali. Ukali wake haukai ulimini, unapanda puani. Mimi napendelea pilipili mbuzi, inayokaa mdomoni mpaka umalize kula.

Shangazi alichopenda kusikia ni mwani. Amelima mwani miaka mingi, kama akina mama wengi wa ukanda huu wa Mtwara na Lindi, kufunga kwenye kamba, kusubiri maji kupwa, kuvuna, kuanika, kuuza. Hajawahi kuula. Nikamwambia ile karatasi nyeusi inayozungushiwa wali ni mwani uliokaushwa. Si aina yake yeye. Wa kwake unakwenda viwandani kutolewa ute wa kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. "Kwa hiyo ninaufuga mimi, na mnaula nyinyi kwenye meno," akasema, na akakataa kusahihishwa.

Halafu pweza. Jirani yangu Mpakistani ni wa madhehebu ya Hanafi, na kwao pweza na ngisi hawaliwi. Mimi Shafii wa pwani, kila cha baharini ni changu. Akanisogezea vipande vyake bila maneno, tukaelewana. Jambo ambalo wengi hawalijui: pweza wa sushi kwa kawaida amechemshwa. Kamba naye huchemshwa, mkunga huchomwa. Kwa hiyo aliye nyumbani na anaogopa neno "mbichi" angeweza kuanzia hapo asijione amekosa kitu. Pweza wao alikuwa mzuri, amekatwa mwembamba kama anahesabiwa, lakini wa Mikindani aliyepigwa vizuri jiweni na kupikwa na nazi anamshinda. Hili sitaki ubishi.

Mjomba alikuwa bado na swali lake. Nikamtajia: jodari na samoni. Samoni hamjui, ni samaki wa maji ya baridi. Nikamwambia Wajapani wenyewe zamani hawakuwa wakimla mbichi, walihofia minyoo; waliowashawishi ni Wanorwe, miaka ya 1980, kwa samoni wa kufugwa. Akatikisa kichwa kama mfanyabiashara anayemwelewa mwenzake. Kuhusu minyoo alitaka maelezo zaidi, na hapa nawaomba na nyinyi msome vizuri kabla hamjajaribu kwa samaki wa ngalawa. Mwongozo wa Marekani unataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au kwa nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15, isipokuwa aina kadhaa za jodari na baadhi ya samaki wa kufugwa. Friji ya nyumbani inayozimika na umeme haiwezi kazi hiyo. Barafu ya kwenye ndoo ndiyo kabisa.

"Sasa huyo jodari mnamnunua bei gani?"

Bei ya sahani sikumtajia, angesimama akaondoka. Nikampa ya Tokyo. Kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019, soko la Toyosu, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa yeni milioni 333.6, zaidi ya dola milioni 3. Nikaharakisha kumweleza kwamba yule ni jodari wa aina nyingine, si huyu tunayemvua huku, na kwamba mnada wa mwaka mpya bei zake ni za kujitangaza, siku nyingine hazifiki hapo.

Mjomba alinyamaza. Shangazi akauliza kama walimpika.

"Hawakumpika," nikasema.

Mjomba akavuta simu yake mfukoni, akapangusa kioo kwa kanzu. "Huyo aliyemnunua," akasema, "namba yake unayo?"