Nimemhamishia mwanangu skuli ya serikali

Juzi shoga yangu kanisimamisha pale Langoni, hapa Lamu, kanishika mkono, "Bui, nasikia mwanao umemtoa praiveti, kwema lakini?" Nikamwambia kwema, ila hakutosheka na jibu, ndio maana naandika.

Tulimpeleka praiveti tangu gredi ya kwanza, darasani wako ishirini na kitu, mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina, na alisoma vizuri wallahi. Lakini babake kazi yake mashua, na kusi likiingia bahari inachafuka, wageni wanapungua, na karo haijui kusi wala kaskazi. Muhula wa pili mwaka jana akarudishwa nyumbani saa tatu asubuhi, begi mgongoni, akapita mtaa mzima akilia na watu wamekaa barazani wanamtazama. Siku ile chakula hakikupita.

Kwa hivyo ndio, ni karo iliyotutoa. Lakini kilichonifanya nisitake kumrudisha praiveti hata msimu ulipokuwa mzuri ni kile nilichokikuta huku skuli ya serikali. Watoto sabini darasani, kitabu kimoja watatu, tangi la maji limepasuka, wasichana wanabana haja mpaka saa saba warudi kwao. Elimu ya bure tunayo tangu 2003, na Katiba ya Kenya kifungu cha 53 yasema ni haki ya kila mtoto, sasa ukiuliza pesa unaambiwa mtoto wa praimari anatengewa shilingi 1,420. Kwa mwaka mzima! Tena zinakuja vipande vipande na zinachelewa. Mimi praiveti nilikuwa natoa zaidi ya hiyo kwa mwezi mmoja.

Mkutano wa kwanza wa wazazi tulikuwa watu kumi na moja, wengi mabibi waliolea wajukuu, na hakuna aliyeuliza kitu. Iliniuma sana, maana wale wenye mdomo wa kuuliza sote tulikuwa tumeshahamisha watoto wetu. Simlaumu mzazi yeyote, kila mtu anamtakia mwanawe mema, lakini tukasema tumechagua, na yule bibi asiye na karo yeye kachagua nini?

Nikauliza habari ya tangi. Nikauliza tena mkutano wa pili, na wa tatu tukawa ishirini na sita, tukachanga tukalitia viraka, na barua ya kutaka walimu zaidi tumeipeleka ofisi ya elimu kwa mkono, tukataka mhuri kwenye kopi yetu. Jibu bado.

Jumamosi baada ya alasiri tunakutana tena. Shoga yangu nimemwambia aje, hata kama wanawe wako praiveti.