Randa ya fezi tatu kwenye karakana ya fezi moja

Randa niliyoinunua mtumba ilikuja na mota ya fezi tatu, kilowati 2.2. Karakana ina fezi moja tu, volti 230, na kuvuta laini mpya kwa ajili ya mashine moja hakulipi.

Jibu lilikuwa kwenye kibati cha mota: Δ/Y 230/400 V. Delta (Δ) na nyota (Y) ni njia mbili za kuunganisha koili za mota: ikifungwa delta inakula volti 230, ikifungwa nyota inataka 400. Ingeandikwa 400/690, hata delta ingetaka 400, na dawa hii isingefaa. Nikafungua boksi la nyaya, nikavitoa vibati vya shaba vilivyolala na kuvipanga wima, kila kimoja kikiunga skrubu ya juu na ya chini. Hiyo ndiyo delta.

Kisha nikafunga inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu kwa volti zilezile 230. Upande wa kuingia huvuta zaidi ya ampea 20, kwa hiyo waya wa milimita mraba 4 na breka ya 32. Swichi ya zamani ya randa niliiruka, maana kukata umeme kati ya inveta na mota kunaweza kuiua inveta (na bei yake si ndogo!). Visu vilizunguka kinyume. Nikabadilishanisha nyaya mbili za mota. Inveta nimeiwekea sekunde 5 za kupanda mwendo, na taa hazififii.