Nyota mbili kwa dola 400

Imeingia bili ya kambi ya mwanangu: dola 400, siku mbili, chakula juu yako. Piga hesabu hiyo ni kodi ya miezi mingapi Mbagala. Tena si mpira wetu, ni huu wa Kimarekani wa kuvaa helmeti na kugongana. Kazi ya hiyo kambi ni kumpima mtoto kimo, uzito na urefu wa mikono, kumkimbiza yadi 40, kisha jamaa mmoja anampachika nyota mtandaoni ili makocha wa vyuo wajue wa kumsajili. Wangu kapewa mbili kati ya tano. Ana miaka 16! Mimi mwenyewe nilirefuka baada ya kidato cha nne.

Kwa hasira nikaanza kuwachimba hawa wapima watu. Josh Allen, mtoto wa mkulima wa Firebaugh, California, alimaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kinachomtaka. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, akawa anawatumia makocha barua pepe nchi nzima, mpaka Chuo Kikuu cha Wyoming wakamchukua. Msimu wa 2024 ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo. J.J. Watt naye, nyota mbili hizohizo, alijiunga na chuo cha Wisconsin bila ufadhili baada ya kusambaza piza. Akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara tatu. Na Ronald Powell, aliyetajwa namba moja nchini mwaka 2010? Goti lilimwangusha akiwa chuo cha Florida, NFL hakukaa.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wa nyota tano ni thelathini na kitu tu kwa mwaka, na wanafika NFL kwa kiwango ambacho wa nyota mbili hawakisogelei. Hawa wetu ni maelfu, ndiyo maana hawakosekani wachache wa kusimuliwa. Kwa hesabu za NCAA wenyewe, wasimamizi wa michezo ya vyuo, katika wachezaji mia wa vyuo wanaofikia kuchaguliwa na timu za NFL, hawafiki wawili wanaochukuliwa. Na tangu Julai 2021 vijana wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, basi nyota imekuwa bei.

Nyie mnaoniuliza inbox kuhusu kuleta watoto huku Marekani wapate skolashipu ya michezo: daftari kwanza. Kucheza Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, kunadai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Na barua ya kambi ikisema "umechaguliwa" huku ikiomba namba ya kadi, huyo ni mfanyabiashara, si kocha.

Kuna chuo cha Division III kimempigia kocha wa mwanangu. Daraja hilo halitoi senti ya ufadhili wa michezo, ila kwa maksi zake wanaweza kumpunguzia ada nyingi. Mama yake ameshaanza kujaza fomu. Mwenyewe kanuna, anataka Alabama, chuo kikubwa cha mpira huo.