Siku Moja Maishani Mwangu: Jumanne ya Kura Minnesota

Saa kumi na nusu alfajiri, tarehe 5 Novemba 2024, niliamka kabla simu haijalia, kama nilivyokuwa nikiamka siku za mtihani nilipokuwa msichana Kakamega. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumpigia mama, ambaye kwake ilikuwa tayari saa saba na nusu mchana. Mama alikuwa amewaambia majirani wote kwamba binti yake leo ni jaji Marekani, wala hakuwa amekosea, kwa sababu jimbo la Minnesota huwaita wasimamizi wa vituo vya kura “majaji wa uchaguzi”, ingawa kazi yenyewe ndiyo ile ile ya makarani wetu wa uchaguzi: kukagua daftari, kutoa karatasi za kura na kuangalia foleni. “Basi amua kwa haki,” akaniambia. Nikaitikia, nikavaa koti zito, nikatoka.

Kufikia saa kumi na mbili tulikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, katika kitongoji kimoja kaskazini mwa jiji la Minneapolis, tukila kiapo. Sheria ya jimbo hili hairuhusu chama kimoja kuwa na zaidi ya nusu ya majaji katika kituo, kwa hiyo mezani nilikaa karibu na mzee mmoja, mkulima mstaafu, aliyeandikishwa kwa chama kinachoshindana na changu. Pamoja nasi alikuwapo msichana wa miaka 17, ambaye bado hajafikia umri wa kupiga kura lakini anaruhusiwa kuhudumu kama mwanafunzi wa kazi hii. Kabla ya kufungua, mashine ya kuhesabia kura ilitoa ukanda mrefu wa karatasi wenye sifuri mbele ya kila jina, nasi tukautia sahihi mmoja baada ya mwingine. Napenda sana dakika hiyo, kwa kuwa Kamala Harris, Donald Trump na yule anayegombea kiti kidogo kabisa cha wilaya huwa sawasawa, wote hawana kitu.

Saa moja kamili milango ilifunguliwa, na foleni ilikuwa imeshazunguka maegesho ya magari. Wengi walikuwa wamevaa sare za kazi, kwa maana siku hii si sikukuu ya taifa. Jumanne iliwekwa na sheria ya mwaka 1845, enzi ambapo mkulima alihitaji siku nzima ya kusafiri kwa farasi hadi makao ya wilaya bila kuvunja ibada ya Jumapili, na bila kukosa soko ambalo mahali pengi lilikuwa Jumatano. Farasi wamekwisha, Jumanne imebaki. Sisi Wakenya pia hupiga kura Jumanne, ile ya pili ya Agosti, lakini kazi husimama nchi nzima. Nakumbuka kwamba tarehe 6 Novemba 2008 Kenya ilitangaza hata sikukuu ya kusherehekea ushindi wa Barack Obama, na hapa nilipokuwa nimeketi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku alikuwa akisinzia foleni ili ampigie kura rais wake. Minnesota angalau imeweka sheria kwamba mwajiri asimkate mtu mshahara kwa muda anaoutumia kwenda kupiga kura, jambo ambalo ningependa kuliona katika kila jimbo.

Asubuhi nzima kazi yangu ilikuwa kutoa karatasi. Mpiga kura hutia sahihi, hupewa risiti, kisha huja kwangu na kubadilisha risiti hiyo kwa karatasi ya kura. Kwetu mtu hupewa karatasi sita za rangi mbalimbali, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wa wadi, ilhali hapa hupewa moja ndefu, yenye maandishi mbele na nyuma, ambamo rais yumo pamoja na seneta, wabunge, majaji wa mahakama, na hata wasimamizi wa hifadhi ya udongo na maji. Watu wengi huja wakiwa wamekariri mabishano ya televisheni kuhusu urais, halafu hufika kwa hao wa udongo na maji wakainua macho kunitazama. Siruhusiwi kusema lolote. Nilichoruhusiwa kusema, na nilikisema mara nyingi iwezekanavyo, ni kwamba karatasi ina upande wa pili. Mwaka huo kuisoma karatasi yote kulikuwa muhimu, kwa sababu kulikuwa na swali la kubadili katiba ya jimbo ili fedha za bahati nasibu ziendelee kutengewa mazingira, na Minnesota mtu akiliacha swali la katiba wazi, ukimya wake huhesabiwa kuwa “hapana”.

Karibu na saa nne, msichana wetu mwanafunzi alinijia na swali zito. Sheria hukataza mtu kuingia kituoni na nguo yenye jina la mgombea au chama kilichomo kwenye karatasi ya kura. Katazo la awali lilikuwa pana zaidi, likigusa vazi lolote la kisiasa, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipolibatilisha mwaka 2018. Sasa mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyevaa fulana yenye picha ya Taylor Swift, na Septemba ya mwaka huo mwimbaji huyo alitangaza hadharani kwamba atampigia kura Harris. Je, hiyo ni fulana ya kampeni? Jaji mkuu wa kituo alifikiri kwa makini, akasema kwamba Taylor Swift hagombei chochote, basi apite. Nyuma yake alikuwa kijana mwenye kofia iliyoandikwa jina la mgombea. Tulimwomba aivue, akaivua kwa adabu, akapiga kura, akaivaa tena nje.

Saa sita tulikula kwa zamu jikoni mwa kanisa. Mwalimu mmoja mstaafu alileta hotdish, chakula ambacho mtu wa Minnesota hukitetea kama vile Mmombasa anavyoutetea wali wa nazi: nyama ya kusaga, supu nzito ya uyoga ya mkebe, na viazi vidogo vya kukaanga vikipangwa juu kabla ya kutiwa ovenini. Gavana wetu Tim Walz, aliyekuwa mgombea mwenza wa Harris, alipokuwa mbunge alishinda zaidi ya mara moja shindano ambalo wabunge wa Minnesota walikuwa wakilifanya Washington kupika chakula hicho. Mimi nilileta chapati na maharagwe. Mzee mkulima alikunja chapati yake ya tatu, akaniuliza kuhusu unga, maji na mafuta, akaandika kila kitu nyuma ya bahasha.

Alasiri, saa tisa hivi, mimi na mzee huyo tulitoka pamoja hadi maegeshoni, kwa kuwa bibi mmoja asiyeweza kutoka garini alitaka kupiga kura. Kazi hiyo hufanywa na majaji wawili wa vyama tofauti. Tulisimama kando, baridi ikitukata masikio, tukitazama mti usio na jani hadi bibi alipomaliza na kuifunika karatasi yake.

Kabla ya saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limetua. Ndipo alipofika dada mmoja aliyesema nami kwa Kiswahili mara aliposoma jina langu kifuani. “Habari ya jioni, dada. Nimehama mwezi jana, wamenifuta?” Nilimweleza kwamba Minnesota huandikisha wapiga kura siku hiyo hiyo tangu 1974, na kwamba hata kama hana hati ya makazi, mpiga kura wa eneo hilo anaweza kuapa kwamba anamjua kuwa mkazi. Jirani yake, mwanamume mrefu mwenye fulana ya zambarau ya Vikings, timu ya Minnesota ya mpira wa Kimarekani, aliapa. Kwa dada huyo ilikuwa kura ya kwanza tangu awe raia. Alipomaliza alinyoosha kidole akiuliza wino uko wapi. Nilimpa stika nyekundu ya “Nimepiga kura”, akaibandika, akaniomba ya pili aitume Eldoret.

Saa mbili usiku tulifunga. Risiti zilipungua moja kwa idadi ya kura za mashine. Tulihesabu tena, mzee mkulima akisoma, mimi nikiweka alama, kisha tukabadilishana. Mara ya tatu mzee alilamba kidole na kutenganisha risiti mbili zilizogandana. Sote tulitia sahihi.

Nilifika nyumbani saa tano. Mama alipiga, kwake ilikuwa asubuhi ya Jumatano.

“Nani ameshinda?”

“Sijui, mama. Ninajua za ukumbi wetu tu.”

“Zilitimia?”

“Zilitimia.”

“Haya, lala.”