Piko ya bibi na matone ya Kojani

Kabla ya kuvuka kwenda Kojani, kisiwa cha wavuvi huku Pemba, kuwapa watoto matone ya chanjo ya polio nyumba kwa nyumba, tulipigwa semina, na kwenye semina hiyo bwana mmoja (jina nalihifadhi, bado tunakutana sokoni Wete) alitupa wasia: nyumba ikikataa msibishane, mtajieni sheha tu, yule kiongozi wa serikali wa pale mtaani, mtoto atatolewa. Wallahi sijapata kusikia ushauri mbovu kama ule. Kojani ukimtaja sheha mlangoni kwa mtu, watoto wote wa nyumba ile wanakuwa wamekwenda dago, kambi ya uvuvi, na baba zao, hata aliyezaliwa juzi.

Naandika haya kwa wenzangu mtakaojitolea safari nyengine, kwa sababu upande wetu tulimaliza nyumba zote, na wapo waliofuata wasia wa yule bwana wakarudi na vichupa havijafunguliwa.

Ilikuwa ni ile kampeni iliyokuja baada ya habari za Malawi. Februari 2022 walitangaza kuwa mtoto mmoja Lilongwe kapooza kwa polio, na kirusi kilipopimwa kikaonekana asili yake ni Pakistan. Watu tulikuwa tumeshajisahau, maana Afrika ilitangazwa kuwa imesafika Agosti 2020. Haukupita muda mrefu, Msumbiji nako kukapatikana mgonjwa. Hoja hii niliitumia kwa wanaume barazani na iliwaingia upesi. Mvuvi wa Kojani hatulii pahala pamoja, anajua vizuri kwamba chombo hakibebi samaki peke yake.

Timu yetu ilikuwa mimi na kijana mmoja wa kubeba kisanduku cha barafu na kuandika. Yeye anabaki barazani, mimi naingia uani. Timu za wanaume watupu ziliishia mlangoni, na sijui nani aliyezipanga. Kichupa nilikuwa nakitazama kila kikitoka kwenye barafu. Kina alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, endelea, ukikoza mpaka rangi zikafanana, dawa imeharibika kwa joto, weka kando.

Kwenye fomu kuna swali: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano? Msiulize hivyo. Kwetu watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni, utaambiwa "wapo tu, alhamdulillahi" na mazungumzo yameishia hapo. Mimi nilikuwa nauliza: nani mchanga humu ndani? Nani kalala? Nani ana homa? Nani kaja kutembea kwa bibi yake? Kila swali linatoa mtoto, hesabu unaifanya mwenyewe kimyakimya. Tena ukishawapaka watoto wa mwanzo wino wa kidoleni, alama ya aliyekwishapewa matone, hao ndio askari wako. Wanakutangulia vichochoroni wanapiga kelele, "Kwa kina Asha bado! Kafichwa jikoni!"

Sasa ya piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia.

Tulifika nyumba moja, bibi kakaa ukumbini anasuka ukili. "Chei chei, bibi." "Chei chei." Sijatia neno la pili, kaniwahi: "Hawa wangu washapewa, wamepewa jana na wenzenu." Akawaita wajukuu, wakajipanga safu wameinua vidole vidogo, vyeusi tititi. Lakini upande ule timu ilikuwa ni sisi tu. Nikatazama. Wino wetu hupakwa nusu ukucha nusu ngozi, na mtoto akifurukuta unatapakaa mpaka kiganjani. Vile vidole vilikuwa vimezungushiwa rangi sawasawa, kazi ya mkono uliozoea kupamba maharusi. Halafu sisi tunapaka kidole cha mkono wa kushoto. Bibi kapaka cha kulia! Mtu na adabu zake, jambo hata la uongo lazima lianze kulia.

Sikumuumbua. Nilisema, "Mashaallah, piko hii imekubali. Nani kaikoroga?" Alijifunika kanga usoni akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Tukaanza kuzungumza. Kasikia kwamba matone yanaua uzazi. Nikamuuliza, mbona alipokwenda Hija alichomwa ya homa ya uti wa mgongo, na bila ya cheti chake asingepewa visa? Akanijibu palepale: "Mwanangu, miye nilikuwa nishamaliza kuzaa." Hapo nilikwama. Semina walitupa takwimu nyingi nzuri, kwamba mwaka 1988 nchi 125 zilikuwa na polio na watoto kiasi cha 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka, lakini takwimu mbele ya bibi wa Kojani ni upepo.

Nikaacha kufundisha, nikamuuliza yeye: zamani hapa maradhi haya mliyaona? Akanyamaza, kisha akanihadithia mtoto wa jirani yao aliyeamka na homa, ikapoa, wakashukuru, halafu siku walipomsimamisha mguu mmoja ukawa haushiki. Walimkanda kwa mafuta ya nazi mpaka kakua, wapi. Kumbe anayajua kuliko mwalimu wetu wa semina. Lake moja tu lilibaki: "Dawa nzuri hunywewa mara moja. Nyinyi mbona mnarudi rudi?" Nikamwambia ukweli, kwamba kirusi kinakaa tumboni, na matone ya mara moja au mbili hayamkingi kila mtoto, ndiyo maana hurudiwa hata kwa aliyemaliza chanjo za kliniki.

"Mpe huyu mkubwa kwanza, nimuone."

Nikampa matone mawili. Bibi akatuwekea chai na mkate wa mofa tusubiri, na wakati wote ule jicho lake liko kwa mjukuu. Mjukuu hakuanguka, aliomba mofa. Wakaletwa waliobaki, na akatoka na mchanga wa chumbani ambaye sikuwa nimeambiwa habari zake. Nikawapaka wino kushoto. Matokeo yake wakawa na vidole vyeusi mikono yote miwili, na kuanzia hapo kila nyumba watoto wanataka kupakwa kote kote. Kalamu ya wino ilitukaukia kabla ya dawa kwisha.

Nauli ya dau tulijitolea mfukoni, posho ilikuja baadaye, na tusiizungumze. Jioni yule bwana wa semina alipoona fomu yetu haina nyumba iliyokataa, akafurahi: "Mnaona? Si niliwaambia mumtaje sheha!"

Sheha mwenyewe siku ile alikuwa Chake Chake, harusini.